Bi Semeni na Zimamoto Watatu

Hapo zamani, tena si zamani ya mbali, maana wengine mnaonisikiliza mlikula kuku wa harusi nitakayoitaja, palikuwa na mji uitwao Kisanganya. Mji huo ulikuwa na kituo cha zimamoto. Kituo kilikuwa na gari moja jekundu, watu watatu, na dharau ya mji mzima.

Wa kwanza alikuwa mkuu wa kituo, Afande Lugendo, mtu wa tumbo na vifungo vinavyong'aa. Miaka tisa alikuwa mkuu, na miaka tisa hakuna aliyemwona akipanda ngazi, labda ya jukwaani. Wa pili alikuwa dereva, Mzee Hangaya, mtu wa maneno machache aliyelifahamu gari lile kuliko alivyomfahamu mkewe. Wa tatu alikuwa Siwatu, mwanamke wa miaka ishirini na minane, aliyetoka chuoni na daftari, akaona kila nyumba ya Kisanganya ni jeneza linalosubiri kiberiti.

Watu waliwaita Wazima Majivu. Jina hilo lilitungwa na Bi Semeni.

Bi Semeni alikuwa mjane, mshona magodoro ya sufi. Duka lilikuwa chini, yeye alilala juu pamoja na mama mkwe wake, Bi Mashavu, ambaye kiharusi kilimpiga miguu asisimame tena. Mikono ya Bi Semeni ilishona magodoro, na ulimi wake ulishona watu. Ukipita dukani kwake umevaa vibaya, ungefika kwako mji mzima unajua.

Siku moja Siwatu aliingia dukani, kofia ngumu kichwani, daftari mkononi.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Umekuja kununua godoro, au kuna majivu ya kuzima?"

Wateja wakacheka. Siwatu hakucheka.

"Nimekuja kukagua. Magunia haya ya sufi ngazini uyaondoe. Hapa mtu anapita ubavu. Na dirisha la juu lina nondo, halina pa kutokea. Moto ukianzia chini, wewe na bibi mtatokea wapi?"

Bi Semeni akamtazama kuanzia viatu mpaka kofia, akarudi tena mpaka viatu.

"Mwanangu, viatu hivyo umevivaa, au vimekuvaa wewe?"

Wateja wakacheka tena.

"Nondo zile alizipiga marehemu mume wangu kwa mkono wake, na mwizi hajawahi kuingia. Ninyi mtanifundisha nini? Soko la samaki lilipoungua mlifika saa ngapi? Samaki walishaiva, wakaliwa, miiba ikatupwa, ndipo tukasikia king'ora. Nenda mwanangu. Moto wangu nitauzima kwa mate."

Siwatu akaandika ripoti. Akaipeleka kwa Afande Lugendo. Afande akaisoma, akaiweka chini ya chupa ya chai isiteleze.

"Mambo ya Bi Semeni yaache," akasema. "Ulimi wa mama yule unaunguza kuliko petroli."

Sasa sikilizeni alichofanya Siwatu. Bi Semeni alifiwa na shangazi yake, akamkodia mama mkwe gari, wakaenda matanga siku sita. Nyumba ikafungwa. Siku ya pili Siwatu akaja na ngazi na fundi wa kuchomelea. Mchana kweupe wakazikata zile nondo za marehemu, wakazitia fremu, bawaba upande wa kulia, komeo upande wa kushoto kwa ndani. Dirisha likawa mlango. Majirani waliona, wakadhani ni kazi ya mwenye nyumba. Siwatu akasema moyoni: akirudi nitamwambia, atanitukana wiki moja, lakini atakuwa na pa kutokea.

Siku ya nne mwizi naye akaliona dirisha. Alikuja na ngazi yake, akapitisha mkono, akavuta komeo, akaingia. Akachukua cherehani.

Cherehani kile ndicho mahari ya Bi Semeni. Mumewe alimnunulia siku ya ndoa, na kwacho alimsomesha mtoto na kumzika mume. Aliporudi akaona meza tupu, alikaa sakafuni, akanyamaza. Jirani mmoja aliniambia kwamba kunyamaza kule kuliwatisha watu kuliko matusi yake yote.

Siwatu alikwenda mwenyewe. Hakungoja kutafutwa.

"Bi Mkubwa, dirisha nilikata mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Nilitaka mpate pa kutokea."

"Nimeona. Cherehani changu kimepata pa kutokea."

Bi Semeni akaenda mpaka kwa Afande Lugendo, akasimama uani pale kituoni, akasema maneno ambayo mbele ya watoto siwezi kuyarudia. Akataka Siwatu avuliwe kila kitu. Na Afande, ambaye hakuwahi kuuogopa moto kwa kuwa hakuwahi kuukaribia, alimwogopa Bi Semeni. Akamvua Siwatu viatu vya kazi, akamvua kofia, akampa ufagio.

Bi Semeni akamwita fundi aje alichomelee dirisha kama zamani. Fundi, kama mafundi wote, akasema kesho. Kesho ikazaa kesho. Basi yeye mwenyewe akachukua waya mnene na koleo, akalifunga dirisha kwa ndani, akauzungusha ule waya mara kumi na mbili, akasema, "Sasa aje huyo mwizi, na aje huyo Siwatu."

Wiki tatu zikapita. Ikaja Jumamosi ya harusi.

Mwenyekiti wa halmashauri alikuwa anamwoza binti yake. Barabara ya kutoka kwake mpaka ukumbini ilikuwa vumbi tupu, na bwana mkubwa hakutaka shela la bintiye lifike na rangi ya udongo. Ijumaa alikuwa amemwita Afande Lugendo.

"Lete gari lenu, lipite limwage maji."

"Tutamwaga tangi zima, mheshimiwa."

Mzee Hangaya aliposikia alikuna kidevu.

"Afande, bomba la mji linatoa maji Jumanne. Tukimaliza tangi kesho, siku tatu hizi tutazima moto kwa nini? Kwa nyimbo za harusi?"

"Hiyo ni amri, Hangaya."

"Ndiyo, Afande."

Alisema ndiyo. Lakini asubuhi Afande alipofika kituoni alilikuta gari limeinuliwa kwa jeki, gurudumu la mbele limelala ubavuni kama ng'ombe mgonjwa.

"Nini hiki?"

"Beringi imekufa, Afande. Haliendi popote."

Beringi ilikuwa nzima. Mzee Hangaya alikuwa amelifungua gurudumu mwenyewe, na kwa kuwa alijua Afande angeweza kumleta fundi mwingine, alizichukua nati zote, akaenda kuzificha nyumbani kwake ndani ya pipa la mahindi. Afande akafoka, akatukana, kisha akavaa sare ya sherehe na glavu nyeupe za nailoni, akaenda harusini kusimama mlangoni kama nguzo. Vumbi likatimka. Shela likafika rangi ya chai ya maziwa. Mji ukacheka: "Wazima Majivu hata vumbi limewashinda!"

Bi Semeni hakwenda harusini. Alikuwa na godoro la mteja. Alikuwa ananyoosha kitambaa cha godoro kwa pasi ya mkaa pale dukani. Saa nane mchana mama mkwe akaita kutoka juu, anataka uji. Bi Semeni akaiweka pasi juu ya kitambaa, akasema moyoni, dakika moja tu. Akapanda ngazi kwa ubavu kati ya magunia. Uji ulikuwa wa moto, ikabidi aupoze. Dakika moja ikawa kumi.

Sufi, ndugu zangu, haiungui kama kuni. Sufi hupokea cheche ikaondoka nayo. Bi Semeni alisikia mlio kama wa shuka linalopasuliwa, akafungua mlango wa ngazi, akauona moto unapanda kumjia, gunia baada ya gunia, katika njia aliyoijaza yeye mwenyewe.

Akaufunga mlango. Akakimbilia dirishani. Akaushika waya. Aliufunga kwa koleo, na koleo lilikuwa chini dukani. Akauvuta kwa vidole, akauvuta kwa meno. Mara kumi na mbili, alikumbuka. Mbona nilizungusha mara kumi na mbili?

"Semeni," mama mkwe akauliza kutoka kitandani, "unapika nini?"

"Hakuna kitu, Mama. Jifunike uso."

Akapiga kelele dirishani. Mji ukaja. Kuja, mji ulikuja. Wachache walileta ndoo, wengi walileta simu. Walisimama wakimpiga picha, wakaulizana zimamoto wako wapi, na kila aliyeuliza alifurahi kidogo kuona hawapo, maana maneno yake ya miaka mingi yalikuwa yanatimia.

Siwatu aliuona moshi akiwa na ufagio mkononi. "Mzee Hangaya! Kwa Bi Semeni!"

Mzee Hangaya akalitazama gurudumu. "Nati ziko nyumbani," akasema, akatimua mbio. Hakuwa amekimbia tangu ujana wake. Kwenda na kurudi na kufunga, ilikuwa nusu saa.

Siwatu akakimbilia ukumbini, malapa miguuni, akampita bibi harusi, akafika mlangoni. "Afande, moto! Bi Semeni na bibi wako juu!"

Na hapa wengi hawaniamini, lakini waliokuwapo wapo. Afande Lugendo hakuuliza gari liko wapi. Hakumwangalia mwenyekiti. Aliinyakua ngazi waliyotundikia mapambo, maua ya karatasi yakiwa bado yananing'inia, Siwatu akashika upande wa pili, wakakimbia nayo. Watu wakalicheka lile tumbo linavyoruka. Wakafika, wakaiegemeza ukutani. Siwatu akaweka mguu.

"Shuka," Afande akasema. "Huna viatu."

"Umeninyang'anya wewe!"

"Najua. Shuka."

Akapanda. Moto ulikuwa unatokea mlango wa duka na kulamba ukuta, na nondo zilishapata moto. Bi Semeni aliliona lile zee la glavu nyeupe linakuja juu linahema, na hata katika saa ile neno la kejeli lilimjia mdomoni. Halikutoka. Moshi ulimziba.

"Bawaba ziko kulia!" Siwatu akapiga kelele chini. "Waya uko kushoto! Fungua kushoto!"

Afande akapitisha mikono kati ya nondo, akaanza kuuzungusha waya kinyume. Moja. Mbili. Tatu. Glavu zikayeyuka zikagandia ngozi. Bi Semeni alikuwa sentimita chache kutoka usoni kwake, akawa anamwona analia kama mtoto, bila aibu, na vidole havisimami. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili. Dirisha likafunguka.

Akamchukua Bi Mashavu begani, akashuka naye nusu ya ngazi, Siwatu akampokea. Akapanda tena. Lakini sasa moto ulikuwa umeishika miguu ya ngazi, maua ya karatasi yanawaka, na sakafu chini ya miguu ya Bi Semeni ilikuwa inatoa sauti kama kikaango. Afande yuko juu, Bi Semeni yuko ndani, na ngazi inaungua.

Ndipo king'ora kikasikika mwisho wa mtaa.

Mji ulilipokeaje lile gari? Kwa mawe. Wale wale waliokuwa wanapiga picha waliweka simu mifukoni, wakaokota mawe. "Mmechelewa, mbwa nyie!" Kioo cha mbele kikavunjika, paji la Mzee Hangaya likachanika, damu ikamwingia jichoni. Hakusimama, hakujibu. Alishuka, akafungua mpira wa maji, na tangi lilikuwa limejaa mpaka juu. Akaupiga ule moto wa mguuni mwa ngazi mpaka ukasinyaa. Bi Semeni akatoka dirishani kwenye mikono iliyoungua, akashuka. Hesabu mpaka ishirini: sakafu ya juu ikaanguka.

Nyumba ilikwisha. Duka la kinyozi Kilongola la jirani lilikwisha nalo, katika ile nusu saa ya nati. Lakini maji yale yaliuzuia moto, na nyumba kumi na saba za mtaa ule zipo mpaka leo. Vidole vya Afande Lugendo vilipona kwa kukunjamana. Havishiki tena mpira wala kalamu.

Kesho yake mji ukawa wa sifa. Waliorusha mawe walisema walikuwa wanafungua njia.

Kisha ikaja barua kutoka mkoani, maana wakubwa hawawezi kuacha jema lipite bila kulichunguza. Ilisema: Siwatu ameharibu mali ya raia bila idhini. Hangaya amelemaza gari la serikali na kudanganya. Lugendo ameahidi maji ya serikali kwa harusi. Mashtaka hayo yalitiwa saini, nanyi mkitaka kucheka chekeni, na mwenyekiti wa halmashauri, baba wa bibi harusi. Barua ikaendelea: kwa kuwa watatu hao wameokoa watu, na kwa kuwa kituo hakiwezi kukaa bila mkuu, mmoja wao atasamehewa na kuvaa kofia nyeupe ya mkuu wa kituo. Wawili wataondolewa kazini. Jina la mmoja atalitaja aliyeokolewa. Fomu imeambatanishwa.

Wakakutana uwanja wa shule. Bi Semeni, mikono imefungwa bandeji, akaketishwa mbele pamoja na ile fomu, ambayo ilikuwa na mstari mmoja. Watatu wakasimama.

Mzee Hangaya akaanza, kwa mara ya kwanza akisema mengi.

"Afande alipanda, kweli. Siwatu alikata, kweli. Lakini moto huzimwa kwa nini? Kwa maji. Ningetii, tangi lingekuwa tupu, na ngazi ingemwangusha Afande motoni pamoja na wewe, Bi Semeni, na mtaa mzima ungewafuata. Maji niliyalinda mimi peke yangu. Nimebakiza miaka miwili nistaafu. Nikifukuzwa leo, naondoka kama mwizi."

"Na duka langu?" kinyozi Kilongola akaita kutoka nyuma. "Na vidole vya Afande? Nati za gari huwekwa kwenye mahindi?"

Mzee Hangaya akainamisha kichwa.

Siwatu akasema: "Kabla ya waya, kabla ya maji, palikuwa na nondo. Nani aliziona? Kama si mimi, Afande angepanda akazishika, akakutazama unavyoungua. Mlango uliotoka, Bi Mkubwa, niliujenga mimi, nikavuliwa viatu kwa ajili yake."

"Ukajenga kwa siri," Mzee Hangaya akasema taratibu, "na mwizi akawa wa kwanza kuutumia."

Siwatu akasema, "Cherehani kile nakifikiria kila siku."

Afande Lugendo akasema mwisho. Hakuvaa vifungo siku ile; hakuwa na vidole vya kuvifunga.

"Mimi nilikuwa mkuu mbaya. Ripoti niliiwekea chai. Maji nilitaka kuyamwagia vumbi. Msichana nilimvua viatu kwa kukuogopa wewe, mama. Yote najua. Lakini mlango huo mzuri ulikuwa umefungwa, na maji hayo mengi yalikuwa njiani. Palihitajika mtu wa kwenda, na watu mia mbili walikuwa wamesimama. Nilikwenda. Nikiondolewa kituoni, nani atamwajiri mtu asiyeweza kushika jembe?"

"Na kama gari lingekuwa harusini bila maji," Siwatu akauliza, "ushujaa wako ungeishia wapi, Afande?"

"Motoni," akajibu. "Pamoja na mimi."

Mwenyekiti wa halmashauri akampa Bi Semeni kalamu.

Bi Semeni aliitazama fomu. Aliyatafuta maneno yake makali, yale yaliyoulisha mji kicheko miaka yote, akayakuta yote yanamwelekea yeye. Akainua kichwa.

"Kabla sijataja jina, andikeni kwanza kwamba pasi ilikuwa yangu. Magunia yalikuwa yangu. Na waya niliufunga mimi."

Mwenyekiti akaigeuza fomu, akaitazama mbele na nyuma.

"Hilo halina nafasi hapa, mama. Taja jina."

Akashika kalamu. Mji mzima ukasogea mbele, kila mtu na jina lake mdomoni, na hakuna aliyekubaliana na aliyeketi karibu yake.

Nami naiacha kalamu hapo, mkononi mwa Bi Semeni, niwape ninyi. Na asiinuke mtu kuniambia "wote watatu," maana hilo ni jibu la waliokuja na simu. Mstari ni mmoja, kofia ni moja, na wawili wanarudi nyumbani leo hii bila kazi. Mmoja alifungua njia na mwizi akapita. Mmoja alitunza maji akachelewa nayo. Mmoja alitaka kuyamwaga maji, kisha akatoa mikono yake.

Je, nani alistahili?